Fildi ya uandishi wa habari: TV kubwa au redio ndogo? Naombeni ushauri

Kalamu_Changa

Habari zenu wakuu. Mimi ni binti, nipo mwaka wa pili diploma ya uandishi wa habari, semista hii ikiisha tunaenda fildi na chuo kimeshasema kila mtu ajitafutie mwenyewe, wao wanatoa barua tu basi. Sasa nina sehemu mbili mkononi na nimeshindwa kuchagua.

Ya kwanza ni kituo kikubwa cha TV, kila mtu anakijua, kuna ndugu yangu anafahamiana na mtu wa pale na nafasi ni kama nimeshapewa. Ila waliotangulia kwenda pale wanasema unakaa tu, unabeba stendi ya kamera, unatumwa fotokopi, ukibahatika unapanda gari na ripota unamshikia maiki afu mkirudi yeye ndo anaandika, wewe unaangalia. Ya pili ni redio ndogo ya jamii, wafanyakazi wenyewe wachache, meneja ameniambia wazi kuwa wiki ya kwanza tu naingia mtaani kutafuta stori na nikiweza nitasoma taarifa ya habari. Shida jina lao halijulikani, naogopa kwenye sivii itaonekana kama nilienda kupoteza muda.

Swali la pili msinicheke. Wenzangu darasani wanasema haya tunayosoma hayana kazi huko nje, nadharia za mawasiliano, sijui mlinda lango (yule anayeamua habari ipi ipite na ipi itupwe), sijui vyombo vya habari kupanga ajenda, kwamba ukifika chumba cha habari unaanza upya kabisa. Ni kweli? Maana kama ni kweli bora niache nikajifunzie kazini hukohuko.

Karani_wa_Dawati

Mdogo wangu, jina la kituo liweke pembeni kwanza. Nenda sehemu zote mbili kabla hujapeleka barua na uulize kitu kimoja tu: kopi yangu, yaani stori niliyoiandika, atasoma nani, na ataisoma nikiwa nimekaa pembeni yake au ataikata mwenyewe na kuituma? Jibu la hapo ndo lichague, mengine yote ni mapambo.

Nipo dawati la habari muda mrefu kidogo na vijana wa fildi wanapita mikononi mwangu kila msimu, so ngoja nikuonyeshe nnachomaanisha. Kijana analeta kopi inaanza hivi: "Wafugaji wametakiwa kuchangamkia fursa ya kuchanja mifugo yao ili kuepukana na magonjwa mbalimbali. Wito huo umetolewa jana na mgeni rasmi wakati akifungua kikao kilichohudhuriwa na wadau mbalimbali, ambapo aidha alisisitiza kuwa..." Unaijua hiyo lugha, tunaandika wote hivyo tukitoka chuo, ukisoma unasinzia. Nashuka nayo taratibu mpaka aya ya karibu na mwisho nakuta kasentensi kamejificha: mtaalamu wa mifugo akijibu swali alisema chanjo ilikwisha stoo tangu mwezi uliopita na haijaletwa nyingine.

Sasa hapo mhariri mvivu anachofanya ni kufuta "aidha", anarekebisha herufi, anapeleka. Mhariri anayefundisha anakuvutia kiti. Anakuuliza, wewe ukirudi nyumbani ukaulizwa leo kulikuwa na nini kikaoni utasema mgeni rasmi katoa wito? Utasema jamani watu wanaambiwa wachanje na chanjo yenyewe haipo! Basi hiyo ndo intro, sentensi ya kuanzia. "Wafugaji wanahimizwa kuchanja mifugo yao wakati chanjo imekwisha tangu mwezi uliopita." Mgeni rasmi anashuka aya ya tatu huko, hajaonewa.

Na hapo kazi ndo inaanza. Huyo mtaalamu ana cheo gani, anaijua stoo au kasikia? Anayesambaza chanjo umempigia anasemaje? Mgeni rasmi alikuwa anajua au naye ndo kashtukia pale? Kuna mfugaji yeyote alikwenda akarudishwa, jina lake nani, ana ng'ombe wangapi, wamekufa? Kijana anakuta daftari lake lina hotuba nzima ila hilo moja hana hata namba ya simu ya mtu, inabidi arudi. Akirudi mara ya kwanza ananuna, mara ya pili ananuna kidogo, baada ya hapo unamuona kikaoni hotuba haiandiki tena yote, anasubiri maswali yaanze.

Hiyo huipati ukibeba stendi. Ila na redio ndogo isikudanganye, unaweza kusoma hewani kila siku mpaka fildi inaisha na hakuna aliyekurekebisha hata sentensi moja, unarudi chuo na makosa yaleyale ila sasa yana sauti nzuri.

Bila_Joho

Mi naunga mkono wenzake, chuo ni kupoteza hela tu. Hii si kazi ya udaktari kwamba utaua mtu. Angalia wale ripota wawili wa Washington Post walioifukua kashfa ya Watergate ya ikulu ya Marekani 1972, Bernstein chuo alikiacha njiani, Woodward alisoma historia na fasihi Yale afu akaingia jeshi la wanamaji, hakuna aliyesoma uandishi wa habari. García Márquez, yule mwandishi wa riwaya wa Colombia, alikuwa anasoma sheria akaacha akaingia gazetini. Soma uchumi au sheria au afya uwe na kitu cha kuandika, uandishi wenyewe utaushika kazini.

Chaki_na_Kalamu

Bila_Joho umesimulia nusu. Huyo Woodward alipoomba kazi Washington Post walimpa majaribio ya wiki mbili, wakaona hajui kuandika habari, wakamrudisha. Akaenda kagazeti kadogo huko Maryland, Montgomery County Sentinel, akafanya kama mwaka mmoja ndo Post wakamchukua 1971. Bernstein naye ndo usiseme, aliingia chumba cha habari cha Washington Star ana miaka 16, kazi yake kukimbiza makaratasi kati ya madawati. Yaani wote wawili walipitia fildi, ila haikuitwa fildi. Na binti uone, aliyekuja kutikisa ikulu ya Marekani alijifunzia kwenye gazeti ambalo wengi humu ndo mnalisikia leo.

Nafundisha so nina upande, nakiri. Lakini ugomvi huu wa darasa na kazi hata waanzilishi waliujua. Chuo cha uandishi wa habari cha Missouri kilipofunguliwa 1908 wanafunzi walitoa gazeti siku hiyohiyo ya kwanza ya masomo, yaani darasa lilikuwa na gazeti tangu siku ya kufungua mlango. Ujerumani wana utaratibu wao wa Volontariat, mara nyingi miaka miwili hivi, unazungushwa dawati hadi dawati na kozi zinaingia katikati, na wengi wanaoingia wameshamaliza digrii ya kitu kingine kabisa. Hakuna mwenye akili anayesema chagua kimoja.

Kuhusu nadharia. Mlinda lango unayemcheka ana stori yake. Kwenye utafiti uliochapishwa 1950, mtafiti David Manning White alimchukua mhariri mmoja wa gazeti dogo, huyu kazi yake ilikuwa kupokea habari za mashirika ya habari na kuchagua zipi ziingie, akamwambia kila unayoitupa andika nyuma yake kwanini umeitupa. Alitupa karibu tisa ya kumi ya zote! Na sababu alizoandika, mara hii haivutii, mara hii siiamini, mara hii propaganda, mara nafasi hamna. Sasa nenda nayo fildi. Kaa kikao cha asubuhi, ripota wanapeleka mawazo yao, andika yapi yamepita na yapi yametupwa na nani kasema nini, jioni muulize mhariri kwanini ile ya maji haikupita. Ukifanya hivyo utarudi na ripoti ya fildi ambayo msimamizi wako ataisoma mpaka mwisho, maana nyingi tunazopokea zinaanza na historia ya kituo, kilianzishwa lini na kina idara ngapi, hatuhitaji.

Vitu viwili vya darasani usivikimbie hata ukiambiwa nini. Hesabu na sheria. Riba ikitoka asilimia 4 ikaenda asilimia 6 ripota anaandika "imepanda kwa asilimia 2". Hapana. Imepanda kwa pointi 2 za asilimia, kwa asilimia imepanda 50. Kosa hilo linapita kwenye vyombo vikubwa kila wiki. Na sheria, ukiandika "mwizi akamatwa" wakati mahakama haijamtia mtu hatiani umeshahukumu wewe, na unaweza kuburuzwa mahakamani wewe na kituo chako. Majina ya watoto kwenye kesi, majina ya waliobakwa, picha ya nyumba yao ambayo mtaa mzima unaijua, hivi hakuna anayekufundisha kwenye gari mkikimbilia tukio.

Bila_Joho

Haya mwalimu, hiyo ya Woodward sikuijua. Ila hoja yangu ya kusoma kitu kingine ibaki palepale. Ripota wa afya asiyeweza kusoma utafiti wa dawa ni hatari kuliko yule aliyeandika mwizi akamatwa.

Chaki_na_Kalamu

Hapo hatugombani.

Sauti_Safi

Naona mnaongea uandishi tu, huyu anaweza kuangukia redio. Dada nakupa ya mikono kabisa.

Hedifoni vaa masikioni wakati unarekodi, sio baada. Watu wanaona aibu kuvaa mbele ya mheshimiwa, wanarudi studio wanakuta feni inavuma kuliko mheshimiwa. Kama unatumia simu iweke isipokee kabisa, kuna mtu atapigiwa katikati ya jibu zuri kuliko yote, ni lazima. Maiki isogeze karibu na mdomo, upana wa kiganja hivi, kidogo pembeni isipigwe na pumzi, na wala usimpe ashike yeye, ukimpa maiki umempa na intavyu.

Kabla ya swali la kwanza mwambie ataje jina lake lote na cheo na akutajie herufi, hapo umepima sauti na umepata jina sahihi na una ushahidi kuwa ni yeye aliyesema. Mkimaliza mwambie tunyamaze kidogo, rekodi nusu dakika ya pale palipo, kelele za pale zenyewe, utazishukuru ukianza kuunga vipande kwenye kompyuta maana bila hiyo kila ulipokata panasikika. Na swali la mwisho liwe "kuna kitu sijakuuliza?" afu usizime haraka. Mara nyingi mtu akiona umekunja waya ndo anaanza kusema kitu cha maana, ila hapo mwambie wazi kama bado unarekodi, usimvizie.

Soti yako, kile kipande cha sauti ya uliyemhoji, ikizidi sekunde 20 kwenye taarifa ujue hujachagua, umemwaga tu.

Na ukienda kortini usitegemee rekoda, mahakama nyingi haziruhusu kurekodi. Wenzetu Uingereza, baraza lao la mafunzo ya wanahabari NCTJ mpaka leo linafundisha hati mkato, yaani kuandika kwa alama fupi ili uende na kasi ya msemaji, kipimo ni maneno 100 kwa dakika. Sisemi uanze hati mkato, ila tengeneza vifupisho vyako mwenyewe na uviandike vizuri jioni hiyohiyo, kesho hutaelewa mwandiko wako.

Dada_Ripota

Mdogo wangu umesema wewe ni binti, na hawa kaka zangu wote wamepita kimya, basi nisemee mimi.

Ukifika popote, iwe TV au redio, jua msimamizi wako ni nani kwa jina na nani yuko juu yake. Akikuambia tukutane jioni sehemu fulani nikuelekeze stori, mjibu nitakuja ofisini kesho asubuhi. Mafunzo yanafanyika chumba cha habari, watu wakiwepo. Akikuambia hewani huingii mpaka "muelewane", hiyo sio fildi, andika tarehe na maneno aliyosema na usifute meseji, mpelekee msimamizi wa chuo mapema kabla hajaanza kukuandikia kwenye logbuku, lile daftari la fildi, kuwa hujitumi. Nilipokuwa mwanafunzi kuna kituo kimoja mwenzetu aliandikiwa ripoti mbaya kwa sababu hiyo tu na chuo kilikuja kuamini kwasababu yeye alikuwa na meseji zote. Wengine hawakuwa nazo.

La pili, kutumiwa. Kuna sehemu hazina ripota kabisa, zina wanafunzi wa fildi tu, wakiondoka hawa wanakuja wale, hakuna anayelipwa na hakuna anayefundishwa. Kabla ya kusaini uliza: nauli ya kwenda kwenye stori analipa nani? Stori yangu ikitoka jina langu linatajwa? Nikipata ajali kazini inakuwaje? Ukiona wanachekacheka badala ya kujibu una jibu lako. Kufanya kazi bila mshahara kwa muda ili ujifunze mi sina shida nayo sana, japo wapo wanaoipinga na wana hoja, maana mtoto asiye na wa kumlisha hawezi kukaa miezi bila kulipwa hivyo wanaobaki kwenye hii kazi ni wale wenye kwao. Lakini kutoa nauli yako mwenyewe kwenda kumtafutia mtu stori ya kuuza matangazo, hapana.

Na bahasha za hela utakutana nazo. Mwenye shughuli anaita waandishi, mwisho anagawa. Ripota mkubwa atachukua na atakuambia chukua mdogo wangu ni nauli tu. Ukiwa fildi una kisingizio kizuri kuliko watu wote, sema "chuo kimetukataza", hakuna atakayekugombeza. Tumia huo upenyo sasa, ukiajiriwa utakuwa haupo.

Mpita_Njia88

Swali nje ya mada kidogo, hii akili mnemba si inaandika stori siku hizi? Huyu anasomea nini sasa

Karani_wa_Dawati

Inaandika vizuri sana ile "wito umetolewa na mgeni rasmi". Hiyo ichukue tu, baraka zangu inazo. Kuinuka kikaoni ikamuulize mtaalamu "stoo mna chanjo?" haiwezi.

Kwa binti kwa umakini: kugeuza intavyu kutoka sauti kwenda maandishi itumie, ila sikiliza tena kila nukuu unayoitumia, inakosea majina na namba na inaweza kukuwekea neno "hapana" pasipokuwepo. Mtu aliyekuomba usimtaje usipakie sauti yake kwenye programu ambayo hujui inahifadhi wapi. Na kituo wana utaratibu wao, waulize kwanza.

Halafu niongezee kitu. Jayson Blair wa New York Times, yule aliyekamatwa 2003 kwa kutunga, alikuwa anaandika kana kwamba yupo mji fulani kumbe hajaondoka alipo, anachukua maelezo kwenye picha na magazeti ya wenzake. Huyo aliingia pale kama mwanafunzi wa mafunzo. Alikuwa ana kasi, anapendwa, stori zinatoka kila siku. Ndo maana nikisikia kituo kinamsifia kijana wa fildi kwa wingi wa stori nauliza kuna aliyemuomba kuona daftari lake? Ukipata mhariri anayekuuliza "nani kakwambia, na yeye kajuaje", usimchukie.

Kalamu_Changa

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Nimefanya kama Karani alivyosema, nimekwenda kote. TV nimekutana na mtu wa utumishi tu, nilipouliza nani atasoma kazi zangu akasema "utapangiwa", nikauliza kama naweza kuongea na mhariri akasema mhariri ana kazi. Redio nimekaa na mhariri wao, mama mmoja mkali kidogo, akatoa kopi ya kijana wa fildi aliyepo sasa imejaa kalamu nyekundu akaniambia soma uniambie nini kimekosewa. Niliona viwili, yeye akaonyesha vingine sijui vingapi. Nauli wanalipa stori ikiwa mbali, karibu unajitegemea, ajali alisema ataniulizia. Kwahiyo naenda redio, ila ndugu yangu aliyenitafutia TV amekasirika, anasema nimemwangusha.

Swali la mwisho: kuna uwezekano wa kugawa, nusu redio nusu TV? Na barua ya chuo nampa mhariri au nani?

Dada_Ripota

Kugawa inategemea chuo chako, wengine wanakataa kwasababu msimamizi wa kukupa maksi anatakiwa awe mmoja. Usigawe bana. Maliza redio, TV omba likizo ijayo kwa hiari yako ukiwa na stori zako mkononi, hata ndugu yako atakuwa na cha kuombea.

Chaki_na_Kalamu

Barua ipeleke kwa meneja au mapokezi wakuandikie kuwa wameipokea na tarehe, nakala baki nayo wewe, mhariri mpe nakala nyingine. Logbuku isainiwe kila wiki, usisubiri mwisho, wahariri wanasafiri na wanaacha kazi. Na kila stori inayoruka omba faili la sauti siku hiyohiyo, kompyuta za redio ndogo huwa zinafutwa ili nafasi ipatikane.

Sauti_Safi

Nunua hedifoni zako mwenyewe, za waya.